Siku Niliyowaambia Kidato cha Pili Kwamba Sijui Fizikia

Ijumaa, mwisho wa Septemba.

Joto la leo limechosha watu na mifugo. Upepo umevuma tangu asubuhi, umebeba vumbi la mashamba yaliyokwisha kusafishwa masalia ya pamba na kulimwaga lote madarasani. Nimefika nyumbani, nimenawa uso mara mbili, na maji bado yametoka mekundu.

Lakini nina furaha. Naandika hili mapema kabla halijapoa.

Kwa wasionifahamu, mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika sekondari moja ya kata, nje kidogo ya Bariadi. Mwaka jana mwalimu wetu pekee wa fizikia alihamishwa, na nafasi yake haikujazwa. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akanikalisha, akaniuliza habari za nyumbani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Nikajua kuna jambo.

"Madam, wewe una moyo," akasema. "Nishikie fizikia ya kidato cha pili mpaka tupate mtu."

Nikakubali. Ukweli ni kwamba sikuwa na moyo. Nilishindwa tu kusema hapana.

Fizikia niliiacha nikiwa msichana. Sikujua hata pa kuanzia. Binti wa dada yangu, anayesoma chuo, ndiye aliyeniwekea kwenye simu ile akili mnemba ambayo kila mtu anaizungumzia siku hizi. Akanionyesha pa kuandika, akaniambia, "Mama mdogo, uliza tu kama unavyomuuliza mtu."

Nikauliza kama ninavyomuuliza mtu. Niliuliza kwa Kiswahili, ikanijibu kwa Kiswahili. Nikauliza kani, yaani ile nguvu ya kusukuma na kuvuta, ni nini, na kwa nini uzito si sawa na tungamo, ile wanayoiita mass, na kwa nini maji ya mtungi wa udongo yanakuwa baridi wakati jua linawaka. Kuna jambo moja kuhusu msuguano niliuliza karibu mara kumi. Haikuguna, wala haikuniuliza nilikuwa wapi wenzangu wakifundishwa. Kila mara ilitafuta njia nyingine ya kunieleza: mara kwa mfano wa jembe, mara kwa baiskeli, mara kwa ng'ombe anayeburuta gogo.

Kwa mwaka mzima sasa, kila siku baada ya vipindi, wanafunzi wakiwa kwenye usafi, mimi nakaa kwenye kona ya ofisi ya walimu nikiwa mwanafunzi. Na nimejifunza. Mtu wa umri wangu, mwenye watoto wakubwa, nimejifunza fizikia.

Kwenye jumuiya yetu ya kanisa wako ndugu wanaosema kitu hiki ni cha kuogopwa, kwamba kimekuja kuchukua nafasi ya Mungu katika akili za watoto. Nawasikiliza kwa heshima, ila siwezi kusema hivyo. Akili iliyotengeneza mashine hii ni ya watu, na akili ya watu ametoa Mungu. Kitu kilichonivumilia mimi kwa mwaka mzima nitakitukanaje?

Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Naandika hapa bila kuona haya.

Ninachoonea haya ni kingine.

Sikumwambia mtu yeyote. Niliingia darasani na daftari langu lililojaa niliyoyasoma jana yake, nikafundisha kana kwamba nimeyajua tangu chuo. Nikiulizwa swali gumu nilisema, "Hilo tutaliona kipindi kijacho," kwa sauti ya mtu anayejua lakini ana haraka. Jioni nakimbilia simu. Kesho yake narudi na jibu.

Wanafunzi wakaanza kuniita bingwa. Nikaliacha jina likae.

Jumanne wiki hii tulikuwa na mada ya momenti: kwa nini ubao ulioegemezwa mahali huinama upande mmoja au kukaa sawa. Swali nilitunga mwenyewe. Nyuma ya jiko la shule kuna ubao wa mita mbili wenye uzito wa karibu kilo mbili, nikaiandikia mashine urefu na uzito wake. Nikauliza: tukiuegemeza juu ya tofali nusu mita kutoka ncha moja, na ncha ya mbali tukaweka kilo moja, ncha ya karibu tuweke kilo ngapi ili ukae sawa? Mashine ikajibu: kilo tatu. Ikapanga hesabu vizuri, mstari kwa mstari, safi kama kitabu. Nikanakili.

Nilipomaliza kuandika ubaoni, mkono ukainuka nyuma ya darasa. Ulikuwa wa Minza.

Minza ni msichana mpole wa familia ya wafugaji. Anatembea umbali mrefu kuja shule. Kiswahili chake bado kina Kisukuma kingi ndani, Kiingereza chake ni cha kuokoteza, kwa hiyo haongei sana. Siku hiyo alisimama.

"Madam, hiyo haitakaa sawa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ubao wenyewe nao unaelemea. Kama mkokoteni wa ng'ombe. Hata ukiwa mtupu, ule mti wa mbele unaulaza chini."

Mkokoteni wa ng'ombe naujua. Nimekua nikipakia marobota ya pamba juu yake. Kama ningesimama kimya kwa muda wa kuvuta pumzi moja tu, ningeona alichokuwa anakiona. Lakini nilikuwa na daftari langu na hesabu yangu safi, na moyoni nilijua kwamba akiniuliza swali la pili sitakuwa na jibu.

Nikasema, "Minza, hapa tunafanya fizikia, hatupakii mkokoteni. Kaa chini."

Darasa likacheka. Akakaa.

Nikaendelea na kipindi.

Jumatano jioni, nikiwa kwenye kona yangu na simu mkononi, nilitazama nje ya dirisha. Minza na wasichana wawili wa darasa lake walikuwa nyuma ya jiko. Walikuwa wameuegemeza ule ubao juu ya tofali. Walikuwa na vifuko vya unga vya kilo moja, vitupu, wamevijaza mchanga na kuvipima kwenye mizani ya mpishi. Wakaweka kimoja kule mbali. Wakaweka vitatu huku karibu. Ubao ukabaki umelala upande wa mbali, haukutikisika hata kidogo. Wakaongeza cha nne. Walipoweka cha tano, ubao ukanyanyuka taratibu, ukakaa sawa.

Hawakushangilia. Minza aliutazama tu kwa muda, kisha akaanza kumwaga mchanga.

Nilivuta pazia.

Kisha nikafungua simu, nikaandika: je, katika lile swali la ubao hukusahau uzito wa ubao wenyewe? Ikajibu papo hapo. Ikasema niko sahihi, imesahau, uzito wa ubao ulipaswa kuhesabiwa, jibu sahihi ni kilo tano, na inaomba radhi kwa kosa hilo. Ikapanga hesabu upya.

Nilikaa nikiisoma ile radhi mara kadhaa. Nilivutiwa nayo kweli. Katika maisha yangu yote ya shule sikuwahi kumwona mwalimu akikiri kosa upesi namna ile, bila kukunja uso na bila kutafuta wa kumlaumu.

Hapo nikamkumbuka mwalimu mmoja wa hesabu niliyemkuta shule ya msingi. Sitamtaja, alishafariki. Ilikuwa miaka ile ya tisini, soko la pamba lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaja kila mmoja na mizani yake, na baba zetu wakawa wanajadili mizani kila jioni. Mwalimu alituletea hesabu ya mizani ubaoni, akaikosea. Mimi nilikuwa nimeisikia mizani ikizungumzwa nyumbani mpaka nimeichoka, nikanyoosha mkono nikasema amekosea. Nilipigishwa magoti kwenye changarawe mpaka mapumziko. Sikunyoosha mkono tena kwenye somo la hesabu. Nilipofika sekondari nikakimbilia historia, na watu wakasema nina kipaji cha historia.

Nimekuwa nikisimulia kisa hicho kwa miaka, na kila mara mimi ndiye niliyeonewa.

Jana, Alhamisi, mwalimu wa darasa aliniletea orodha ya mchepuo, ile karatasi ambayo wanafunzi wanajiandikisha kama mwakani watachukua sayansi au sanaa, ili shule ijipange mapema. Nikaipitia. Jina la Minza lilikuwa chini ya sanaa.

Huyu ndiye binti anayeongoza darasa langu la fizikia.

Nikamwita. Alikuja, akasimama mlangoni akiwa ameshika mikono nyuma. Nikamuuliza kama amelazimishwa na nyumbani. Akasema hapana. Nikamuuliza kama somo limemshinda. Akasema hapana.

"Madam, mimi nilidhani fizikia inataka uone," akasema. "Kumbe inataka ukubali."

Alisema bila hasira yoyote. Kisha akaomba ruhusa aende, maana ilikuwa zamu yake kuchota maji.

Nikaenda kwa mkuu wa shule, nikamweleza yote. Nilimwambia kuhusu simu, kuhusu kosa, kuhusu Minza. Nikamwambia nataka kuliambia darasa ukweli. Mkuu ni mtu mwema, aliyekaa kazini miaka mingi, na alinijibu kama mtu anayenitakia mema.

"Madam, sahihisha hesabu, basi inatosha. Waambie kulikuwa na makosa madogo ya kunakili. Ukiwaambia hujui fizikia, kesho wazazi watakuja kuniuliza mimi. Usijivunjie heshima kwa kitu kidogo."

Nikamwambia nitafikiri.

Jioni nikarudi kwenye simu. Nikaiandikia kwamba nimefundisha kosa darasani, naomba inisaidie kupanga maneno ya kuwaambia wanafunzi. Ikanipa maneno mazuri kuliko ambayo ningeyapata mwenyewe. Ilisema kukosea ni sehemu ya kujifunza, kwamba hata wataalamu hukosea, kwamba tumshukuru aliyegundua. Nilisoma nikitikisa kichwa kwa kukubali, mpaka mwisho.

Halafu nikaona kinachokosekana.

Hakukuwa na neno lolote kuhusu darasa kumcheka Minza. Na haikuwa kosa la mashine. Sikuwa nimeiambia.

Nilikuwa nimeieleza hesabu tu. Ile sehemu ya "kaa chini" niliiacha. Nilikuwa peke yangu ofisini, naongea na kitu ambacho hakiwezi kunidharau wala kwenda kunisema kisimani, na bado nikaficha.

Hilo limenifikirisha kuliko yote ya wiki hii. Tangu nikiwa mdogo nimekuwa nikienda kwenye kitubio, na mara nyingi nimejiuliza kwa nini lazima mtu amwendee mtu. Kwa nini nisiseme tu kimoyomoyo, Mungu si anasikia? Jana nilipata kuelewa kidogo. Mashine iliomba radhi upesi kwa sababu haikuwa na cha kupoteza. Haina uso wa kuona aibu wala magoti ya kuuma. Naipenda kwa upole wake, ila upole ule haukuigharimu chochote. Mimi nikimwomba Minza radhi kuna kitu kinakatika ndani yangu, na pengine ni kile kile kinachotakiwa kikatike. Na Minza naye anahitaji kuona kikikatika, ili ajue kwamba macho yake hayakumdanganya.

Imani yangu inanifundisha kwamba Mungu alipotaka kutulea hakuishia kutupa maelezo. Alikuja mwenyewe, akachoka, akaona kiu, akakaa na watu waliochelewa kuelewa. Nadhani maelezo yanaweza kutoka kwenye simu, na yatoke tu, ni baraka. Lakini mtoto hatengenezwi kwa maelezo peke yake. Anatengenezwa pia na yule anayesimama mbele yake, na vile anavyosimama.

Nilifuta yale maneno mazuri. Nikasali, nikalala mapema.

Leo kipindi cha fizikia kilikuwa cha tatu.

Niliingia bila daftari. Nilikuwa nimejiambia nitasema kwa utaratibu, lakini nikakimbilia chaki. Nikaandika ubaoni kilo tatu, nikaikata, nikaandika kilo tano. Wakaanza kufuta kwenye madaftari yao. Hapo ndipo ningeweza kuishia. Mkuu angefurahi, na mimi ningebaki bingwa.

Nikasema, "Wekeni kalamu chini kidogo."

Nikawaambia kwamba mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia, na fizikia sijaisomea. Kwamba kila ninachowafundisha nimekisoma jana yake kwenye simu, kwa akili mnemba, na kwamba imenisaidia sana na sioni haya kuitumia. Naona haya kwa sababu niliwaficha. Kwamba Jumanne simu ilikosea, nami sikuweza kuona kosa kwa kuwa nilikuwa nimenakili tu. Aliyeona ni Minza. Nikamwambia akae chini, nikawaacha wamcheke, kwa sababu niliogopa ataniuliza swali la pili.

"Minza," nikasema, "nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba radhi mbele ya watu. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Nilifikiri, basi, heshima imekwenda, nitafundisha vipi mpaka Desemba?

Minza akasimama. Alionekana kuogopa kuliko mimi. Watoto wa huku hawajazoea kuombwa radhi na mtu mzima, hawajui wafanye nini na mikono yao.

"Nimekusamehe, Madam," akasema, kwa sauti ndogo. Kisha akaongeza, haraka haraka, "Naomba niende nikalete ubao."

Nikasema nenda.

Nilichokiona kuanzia hapo sikuwahi kukiona kwenye darasa langu lolote, hata la historia ninayoijua. Tulitoka nje wote, zaidi ya arobaini. Minza aliuweka ubao juu ya tofali, akaeleza kwa Kiswahili, akikwama anaingiza Kisukuma, wenzake wakimsaidia kutafuta neno la Kiingereza. Alisogeza tofali, akawauliza, "Sasa tuweke vifuko vingapi?" Wakabishana. Msichana mmoja ambaye tangu mwaka uanze sijawahi kusikia sauti yake alisema vitaenda viwili tu, akaeleza kwa nini, wakaweka viwili, ikawa kweli. Mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kutazama. Mkuu wa shule naye nilimwona kwenye veranda. Alitazama muda mrefu, akarudi ofisini. Sijui atasema nini Jumatatu. Labda wazazi watakuja. Wakija nitawaambia nilichowaambia watoto wao.

Nilitoa simu, nikawaonyesha jinsi ninavyoiuliza. Wakataka kuipima. Wakaitungia swali la mkokoteni mtupu, na safari hii ikajibu sawasawa, na vizuri mno, ikaeleza mpaka kitovu cha uzito ambacho sijawahi kuwafundisha. Wakashangaa. Mimi pia nilishangaa. Minza alisoma lile jibu neno kwa neno, midomo ikicheza, kisha akasema, "Inajua. Ila tujaribu."

Nimekuwa mwalimu miaka mingi, na sijasikia mtu akisema vizuri zaidi jinsi ya kukitumia kitu hiki.

Baada ya vipindi alikuja ofisini. Nilijua anachokuja kukifuata, nikajizuia nisiseme neno, nisije nikamlazimisha kwa furaha yangu. Aliuliza kama mwakani kutakuwa na mwalimu wa fizikia.

"Sijui, Minza," nikasema. "Ningependa kukuambia yupo. Ila sijui."

Akaitazama simu yangu mezani.

"Basi Madam uwe unauliza simu," akasema, "na sisi tuwe tunajaribu nje."

Akaomba ile orodha. Alikata jina lake taratibu kwa rula, kama wanavyofundishwa kukata makosa, akaliandika upya upande wa sayansi. Aliniaga kwa Kisukuma, kama anavyowaaga mama zake nyumbani, akaondoka kwenda kuwahi njia yake ndefu.

Nilibaki na ile karatasi mbele yangu. Nilitaka kulia, nikacheka.

Siandiki haya kujisifu. Kwa mwaka mzima niliwaficha watoto, na kama ubao ule ungekuwa mbali na jiko la shule, huenda ningeendelea kuwaficha. Nasifu alichokifanya Mungu kwa vitu alivyovikuta karibu: simu yangu, vifuko vya mchanga, na binti asiyekubali kitu mpaka akione.

Jumatatu tunaanza mada ya mwanga. Sijaifungua bado. Nitaisoma kesho nikimaliza kufua, nitauliza maswali yangu yote ya kijinga, na yale nitakayoshindwa kuyaelewa nitayaandika kwenye karatasi na kwenda nayo darasani hivyo hivyo, hayajajibiwa.

Naogopa kidogo. Lakini sijawahi kuingoja Jumatatu namna hii.